Mfanya Kiinimacho na Watazamaji Wake

Lugha yetu imeupa ustadi wa mfanya mazingaombwe jina lenye busara kuliko majina mengi niliyoyakuta katika lugha za kigeni. Kiinimacho ni neno lisilotaja mkono, wala fimbo, wala jini. Lataja jicho, tena kiini chake, mahali pale pale pa kuonea. Na jicho lenyewe ni la mtu aliyekaa mbele ya mtendaji. Wafaransa, katika karne ya 19, walimbunia mtu huyu jina lenye maana ya mwenye vidole vya haraka. Jina hilo lasifu kiungo cha mwili. Letu laonyesha mahali tendo linapotimia. Sarafu haipotei mkononi mwa mfanya kiinimacho. Mkononi imo, au imo mfukoni, au imo chini ya kitambaa. Hupotea katika jicho la mtazamaji, na pasipo mtazamaji hakuna kilichopotea.

Nimeanza na neno kwa sababu kazi yangu ni maneno. Lakini pana sababu ya pili. Kila mara niwaambiapo wanafunzi kwamba kiinimacho chaweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki tamthilia au ngano, hudhani nawatania. Kwao hapa pana siri tu, na siri ikijulikana uhakiki umekwisha. Kwa maoni yangu siri ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Siri nyingi za kazi hii zimekwisha kuchapishwa vitabuni, na mtu yeyote mwenye subira aweza kuzisoma. Hata hivyo hawi mfanya kiinimacho kwa kuzisoma, kama vile mtu hawi malenga kwa kujua kuhesabu mizani. Kilicho kigumu ni kule kufungamana na watazamaji: kuwafanya wakubali kukaa, kutazama, kuamini kidogo na kutoamini kidogo, na kuondoka wakiwa radhi. Wenye kazi hiyo wamesema mengi juu ya jambo hilo, na aghalabu husema kana kwamba urafiki wa jukwaani ni wa namna moja, nao ni mwema daima. Mimi naona una namna mbali mbali, na tofauti zake ni kubwa kiasi cha kumfanya mtu yule yule, kwa chombo kile kile, awe mwenyeji mwema mahali pamoja na mdhalimu mahali pengine.

Mtu ninayemfikiria ni Jean-Eugène Robert-Houdin. Alizaliwa Blois, Ufaransa, mwaka 1805, mwana wa fundi wa saa, naye mwenyewe akawa fundi wa saa kabla ya kupanda jukwaani. Alipofungua ukumbi wake katika Palais-Royal mjini Paris mwaka 1845, alikuwa anakaribia umri wa miaka 40. Wengi waliomtangulia walitokea mbele ya watu na majoho ya kichawi na kofia za ncha, meza zao zimefunikwa vitambaa mpaka sakafuni, na jukwaa limejaa vyombo vinavyong'aa ambavyo matumizi yake hayakueleweka. Robert-Houdin alitoka na vazi jeusi la jioni, lile lile walilovaa waungwana waliokaa vitini, na jukwaa lake akalipamba kama sebule ya nyumba ya heshima.

Vazi na sebule ni mambo mawili madogo, walakini ndani yake mna fikra nzima. Alikuwa akisema bila kusema: mimi ni mmoja wenu, mmekuja kunizuru, na mtakayoyaona ni mchezo baina ya watu wenye akili. Hata mchezo wake uliosifika sana, wa kuona bila macho, ulitegemea ukaribu huo. Mwanawe Émile alikaa amefungwa kitambaa usoni, na watazamaji wakamtolea baba vitu vilivyokuwa mifukoni mwao, saa, sarafu, vijaluba, na mtoto akavieleza kimoja kimoja. Vitu vilikuwa vya watazamaji. Mchezo haukuweza kuendelea ila kwa hisani yao, na kila aliyetoa kitu akawa mshiriki. Baadaye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1868, alifundisha kwamba mtu wa kazi hii ni mwigizaji, naye huigiza nafasi ya mchawi. Fundisho hili limekaririwa mara nyingi mno hata limechakaa. Lakini tukilitazama upya tutaona lina sharti ndani yake. Mwigizaji ni mwigizaji pale tu watu wanapojua kuwa wako katika maigizo.

Sasa natuhamie Algiers.

Mwaka 1856 Robert-Houdin alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao. Utawala wa Kifaransa, uliokuwa umeivamia Algeria tangu mwaka 1830, ulimwita avuke bahari. Kanali de Neveu, mkuu wa ofisi ya siasa huko, aliona kuwa mawalii walikuwa na nguvu kubwa juu ya watu, na kwamba karama zao zilikuwa zikiwatia watu moyo wa kuasi. Basi ikaonekana vema aletwe Mfaransa mwenye maajabu makubwa zaidi. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, mbele ya machifu na wakuu wa makabila waliokusanywa katika ukumbi wa michezo wa Algiers, Robert-Houdin alifanya kazi aliyotumwa.

Katika vyombo alivyochukua lilikuwamo sanduku dogo, ambalo mtoto aliweza kulibeba. Kitako chake kilikuwa na chuma, na chini ya mahali liliposimama palikuwa na sumaku ya umeme. Mkondo ulipofunguliwa, sumaku ilikamata, na pahali pote pasingepatikana mtu wa kuling'oa. Sanduku hili lilikuwa limeonekana Paris. Huko mchezo ulihusu sanduku: mara jepesi, mara zito, kwa amri ya mwenyewe. Watazamaji walistaajabia chombo, na aliyeshindwa kukiinua alirudi kitini akicheka, maana hakuna mwanamume anayeaibika kwa kushindwa na mzigo mzito.

Algiers sumaku ilikuwa ile ile. Maneno ndiyo yaliyobadilika. Robert-Houdin aliwatangazia watazamaji kwamba ana uwezo wa kumwondolea mwanamume nguvu zake na kumfanya dhaifu kama mwanamke. Akapanda mtu mwenye misuli. Aliulizwa habari za nguvu zake, akajibu kwa maneno machache ya kujiamini. Akaliinua sanduku bila taabu. Kisha, baada ya ishara za mikono za mwenye mchezo, akajaribu tena na lisitikisike. Alijitahidi mpaka pumzi zikamwishia, mbele ya watu wa kabila lake na ya makabila mengine. Hatimaye, kwa amri iliyofichika, umeme ukapitishwa katika vipini vya sanduku, mikono yake ikakakamaa, naye akapiga magoti akipiga kelele. Alipoachiliwa, alijifunika kwa joho lake akakimbia nje.

Natumaini msomaji ameona kilichotendeka. Kwa sentensi moja uzito ulihamishwa kutoka katika sanduku ukatiwa katika mwili wa mtu. Mafundi wa kiinimacho huitaja sentensi hii mpaka leo kama mfano wa ustadi mkuu, na kwa upande wa ustadi wana haki: sijui mfano mwingine ulio wazi hivi wa maneno kugeuza maana ya kitendo pasipo kugusa kitendo chenyewe. Mwanafunzi wa fasihi akitaka kujua nini maana ya usimulizi, naona hana haja ya kwenda mbali zaidi ya sanduku hili. Ila sifa hizo husahau kuuliza jambo jepesi. Yule mtu aliyekimbia na joho usoni alikwenda wapi, na siku iliyofuata aliwatazamaje jamaa zake?

Habari hizi zote tumezipata kutoka katika kumbukumbu alizoziandika Robert-Houdin mwenyewe, zilizochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1850. Ni kitabu kizuri, nakiri. Sura za ujana wake, saa zake na mitambo yake, huzisoma kwa furaha kila nizirudiapo. Nifikapo Algiers furaha hupungua, wala si kwa sababu ya siasa peke yake. Hupungua kwa sababu mwandishi, ambaye Paris alikuwa na macho makali ya kumwona kila mtu aliye mbele yake, huko haoni ila umati. Umati unanyamaza, umati unatetemeka, umati unakimbilia milangoni. Mtu aliyejenga kazi yake juu ya kumjua mtazamaji mmoja mmoja amejinyima mwenyewe kile alichokuwa nacho.

Tena pana dalili kwamba huenda hakuwaelewa watazamaji wake. Siku chache baadaye machifu walimletea hati ya shukrani, iliyoandikwa kwa Kiarabu na kupambwa, nayo ameinukuu kitabuni kwa fahari. Humo wamemsifu kwa maarifa yake ya ajabu kwa maneno marefu yenye mapambo. Yeye aliisoma kama ushahidi wa ushindi. Sisi tuliozoea barua za zamani za pwani yetu, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo salamu na sifa huweza kujaza nusu ya karatasi kabla haja haijatajwa, tunasoma vingine. Hizo ni adabu za watu wenye adabu mbele ya mgeni wa serikali. Mtu aliyeingiwa na hofu ya kweli haketi kutunga sifa zenye vina. Isitoshe, Mwislamu aliyekulia chuoni ameisikia tangu utotoni habari ya Nabii Musa na wachawi wa Firauni, waliotupa kamba zao na kuyazuga macho ya watu. Kwamba macho ya watu huweza kuzugwa, tena kwa kutumikia mfalme, halikuwa jambo geni kwa wazee waliokaa ukumbini siku ile. Sisemi hawakustaajabu. Nasema tu kuwa tunayo maelezo ya upande mmoja, na upande wenyewe ndio ulioshika waya wa umeme.

Robert-Houdin aeleza pia kwamba baadaye wakalimani waliagizwa wawafahamishe wenyeji kuwa yote yalikuwa ustadi, wala uchawi haukuwamo. Watetezi wake huishika sana sentensi hii. Kwangu mimi ndiyo inayomhukumu, maana inaonyesha alijua fika kuwa usiku wa mchezo hawakuambiwa. Na kazi yenyewe haikuleta hata faida iliyotarajiwa na waliomtuma: mwaka uliofuata, 1857, majeshi ya Ufaransa yalikuwa vitani Kabylia. Mwanaanthropolojia Graham Jones, katika kitabu chake Magic's Reason cha mwaka 2017, amechunguza kwa urefu jinsi Wafaransa walivyowapambanisha wafanya kiinimacho wao na watu wa tarika za Algeria ili kuthibitisha nani mwenye akili na nani mjinga. Atakaye historia nzima na aende huko. Mimi narudi kwenye uhakiki.

Msimulizi wa ngano zetu hasemi neno la hadithi mpaka amesema Paukwa, na hasongi mbele mpaka amejibiwa Pakawa. Mengi yamesemwa juu ya mwito huu kuwa huamsha wasikilizaji na kuwachangamsha. Ni kweli, lakini naona kazi yake kubwa ni kufunga mapatano. Mtoto anapojibu ametia sahihi. Amekubali kwamba kuanzia hapo sungura watanena na majitu yatakula watu, wala kesho hatamshitaki bibi yake kwa uwongo. Asiyejibu ameketi nje ya hadithi, na hakuna anayemlazimisha kuingia. Kwa sababu hiyo hofu ya ngano ni tamu: tumeiomba wenyewe. Vazi jeusi na sebule ya Palais-Royal vilikuwa Paukwa ya Robert-Houdin, na watu wa Paris waliijibu kwa kununua tikiti na kuketi. Algiers hapakuwa na mwito wala jibu. Walioketi pale waliitwa na serikali, na hadithi ilipofika kwao ilivikwa nguo za habari za kweli.

Lisidhaniwe kuwa hili ni jambo la wakoloni na karne iliyopita. Nilipokuwa darasa la tano alikuja shuleni kwetu mfanya mazingaombwe mmoja, na kila mwanafunzi akatoa kiingilio kidogo. Alikula karatasi akatoa utepe wa rangi kinywani, mrefu kiasi cha kuzunguka darasa. Tukapiga makofi hata viganja vikatuwasha. Kisha akamwita mbele mvulana mmoja, mkubwa kuliko wote darasani maana alikuwa amerudia mwaka, akamwinamisha, akamfanya atage yai. Tulicheka kama wendawazimu. Mvulana mwenyewe alicheka mwanzo, baadaye akaacha, sisi hatukuacha. Mpaka alipomaliza darasa la saba aliitwa Kuku. Yule mtu alikuwa stadi, na wanafunzi mia tatu walimpenda siku ile. Aliujenga upendo huo kwa kututolea mmoja wetu, na sisi tukampokea kwa mikono miwili.

Nimelitaja yai kwa makusudi, kwa kuwa pana mchezo mwingine wa mayai ulio kinyume cha huo. Mwingereza David Devant, aliyeishi toka 1868 hadi 1941, na aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha The Magic Circle kilichoanzishwa London mwaka 1905, alikuwa na mazoea ya kuwaita jukwaani mvulana na msichana. Kofia tupu ikaanza kutoa mayai. Msichana aliyapokea akampa mvulana, mvulana akayakumbatia kifuani. Mayai yakaja, yakazidi kuja, mikono ya mvulana ikajaa, yai moja likaponyoka likapasuka, alipotaka kulidaka yakaponyoka mengine. Na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Hapa pia mtoto anachekwa, siwezi kukataa. Lakini tazama mwujiza uko wapi: umo katika kofia. Mwili wa mtoto haukuguswa wala haukufanywa kioja. Taabu iliyompata ni taabu ya mtu yeyote aliyepewa vitu vingi kuliko mikono yake, na kila mzazi aliyekaa pale alijiona yeye mwenyewe anarudi sokoni. Wito wa Devant ulikuwa kwamba yote hufanywa kwa wema. Wito wa biashara, atasema mtu. Walakini mchezo wa mayai wauthibitisha kwa mpango wake wenyewe, pasipo kuhitaji tamko.

Tofauti na huyo ni Mmarekani Howard Thurston, ambaye jina lake huletwa kila pazungumzwapo habari hizi. Dale Carnegie, katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1936, ameeleza jinsi Thurston alivyokuwa akijikumbusha kila siku kabla ya kutoka jukwaani kwamba anawapenda watazamaji wake. Habari hii imewapendeza wauzaji bidhaa wa dunia nzima. Mimi yanipendeza kidogo tu. Upendo unaotamkwa nyuma ya pazia haujajaribiwa. Huenda yule aliyetuletea Kuku naye alitupenda. Tukitaka kujua namna ya upendo, hatuna budi kutazama mtazamaji amewekwa wapi katika mchezo.

Kuhusu mbinu yenyewe, sijasoma maelezo mema kuliko ya Mhispania Juan Tamariz, aliyezaliwa Madrid mwaka 1942. Katika kitabu kidogo cha miaka ya 1980 ameeleza viungo vitano ambavyo mtendaji husemea na watazamaji: macho, sauti, mikono, miguu na mwili. Anapofika kwenye macho, ataka mtendaji afikirie nyuzi zinazotoka machoni pake kwenda machoni pa kila mtazamaji, nazo zisilegee wala zisikatike. Akimtazama wa mbele tu, nyuzi za nyuma zalegea. Akigeuka ghafula, zakatika. Mwalimu yeyote aliyesimama mbele ya darasa la wanafunzi themanini aujua ukweli huu mwilini mwake. Ila uzi una ncha mbili. Tamariz asema zaidi juu ya ncha iliyo kwa mtendaji, na haki yake, maana awafundisha watendaji. Ncha ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, na mtu aliyeijali kuliko wote niliopata kuwatazama ni René Lavand.

Lavand alizaliwa Buenos Aires, Argentina, mwaka 1928. Alipokuwa na umri wa miaka 9 gari lilimgonga, akapoteza mkono wa kulia. Alikuwa karani wa benki katika mji wa Tandil kabla ya kuishika kazi hii kwa maisha yake, na huko Tandil ndiko alikofariki mwaka 2015. Kazi yake aliifanya mezani, watazamaji wakiwa karibu, kwa mkono mmoja wa kushoto. Wa pili ulikaa mfukoni mwa koti. Mwaka 2013 Néstor Frenkel alitoa filamu juu yake, na rekodi nyingi za michezo yake zimebaki, kwa hiyo msomaji aweza kupima mwenyewe ninayoyasema.

Mchezo wake uliosifika hutumia karata sita, tatu nyekundu na tatu nyeusi. Huzipanga mezani moja baada ya moja, nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi, kila mtu akiona. Huzikusanya, huzifunua: nyekundu ziko pamoja na nyeusi ziko pamoja. Hurudia. Na kila arudiapo hupunguza mwendo, huku akitangaza kwamba atafanya polepole zaidi, mpaka asema kwamba polepole kuliko hivyo haiwezekani. Kwa kuipinga ile sifa ya Kifaransa ya vidole vya haraka, aliubunia ustadi wake jina jipya lenye maana ya vidole vya taratibu.

Watu wengi huliona hili kuwa ni tambo, na tambo limo. Lakini fikiri linamfanyia nini mtazamaji. Mchezo wa haraka humwacha na udhuru: sikuona kwa kuwa alikuwa mwepesi mno. Udhuru huo humpumzisha na pia humweka mbali. Lavand auondoa. Amwambia kwa mwendo wake: chukua wakati wako, tazama hapa, nina mkono mmoja tu na huu hapa. Mtazamaji hukaribishwa kuchunguza, na huchunguza kwa kweli. Husogeza kiti, hukunja uso. Akishindwa, ameshindwa pamoja na kila mtu mezani, na hata mwenye karata huonekana kama anastaajabu naye. Yule wa Algiers alishindwa, na huyu wa Tandil ameshindwa. Wote wawili hawakujua kilichowashinda. Mmoja alipokonywa heshima mbele ya watu wake. Wa pili ameachiwa swali la kwenda nalo nyumbani.

Kisha pana hadithi. Lavand hakuwa na mchezo usio na kisa. Anapocheza na kikombe cha kahawa na chembe tatu za mkate, ambazo huzitupa mbali na kuzikuta tena chini ya kikombe, husimulia taratibu kama mtu aliyekaa barazani baada ya chakula. Mkono mmoja nao ulikuwa kisa, ingawa hakukifanya cha kuombea huruma. Hapa naona hekima yake kubwa. Mtu mwenye upungufu wa wazi angeweza kuwafunga watazamaji kwa huruma, na kwa dakika tano za mwanzo wangekuwa watumwa wake. Yeye alifanya mkono uliopotea uwe sharti la mchezo, kama idadi ya mizani katika shairi. Tunalisahau jeraha, tunaona kanuni.

Sitaki kumtukuza kupita kiasi. Zipo nyakati ambapo maneno yake huzidi mchezo, na kisa chenye falsafa nyingi hulala juu ya karata mpaka karata hazipumui. Sauti yake nzito, yenye vituo virefu, humchosha mtu asiyependa kuhubiriwa, na nimewaona wanafunzi wangu wakitazama saa. Tena kuna hoja ya haki inayoweza kuletwa dhidi ya yote niliyoyasema: kwamba polepole ya Lavand ni uwongo kama ulivyo uwongo mwingine. Mkono ule ulikuwa ukifanya kazi ya siri huku mdomo ukisema hakuna siri. Kwa nini basi nimsamehe Lavand na nimhukumu Robert-Houdin?

Hoja hii nimeifikiria sana, na sidhani inajibiwa kwa kutaja nia. Najibu kwa kutaja Pakawa. Mtazamaji wa Lavand ajua kuwa polepole ile ina hila; aijua tangu anaposogeza kiti. Uwongo huo umo ndani ya mapatano, kama sungura anenaye. Uwongo wa sanduku ulikuwa nje ya mapatano, maana mapatano hayakuwapo, na maneno juu ya nguvu za mwanamume yalikusudiwa yaaminiwe hata baada ya taa kuzimwa, huko milimani, mbele ya wake na watoto. Kwa hiyo mhakiki asiulize kama mtendaji amesema uwongo. Aulize uwongo huo ulikusudiwa ufe saa ngapi.

Liko jambo moja katika rekodi za Lavand ambalo huwaonyesha wanafunzi kila mwaka, nao hulichukulia kuwa dogo. Karata zikisha kufunuliwa kwa mara ya mwisho, haangalii karata. Huinua macho akawatazama walioketi naye, mmoja mmoja, na hasemi kitu. Kimya hicho ni kirefu kuliko kinavyohitajiwa na makofi. Makofi yakianza mapema, huonekana kidogo kama mtu aliyekatizwa maneno.